Luka wa Maji Vuguvugu
Nichekeni tu, nimeshazoea. Kwenye maombi yetu ya mtaani hapa Jericho tulisoma kwamba watu vuguvugu watatapikwa. Mwende, mimba yake imefika miezi ya mwisho, akauliza kwa nini vuguvugu kwa Kiingereza ni "lukewarm". Sikujua. Lakini ukishaitwa mwalimu wa kikundi, mdomo hujifungua wenyewe. Nikasema neno limetokana na Daktari Luka wa Biblia, yaani "Luke", aliyepima maji ya kuogesha wagonjwa kwa kiwiko, yasiwe moto wala baridi. Wote wakaitikia, "Amina!"

Jumapili iliyopita mtoto wa Mwende alibarikiwa kanisani. Mimi ndiye niliyembeba, nikiwa na kitenge kipya. Pasta akauliza, "Mbona umemwita Luka?" Mwende akashika maikrofoni, akaninyooshea kidole kwa fahari, akasimulia yote.

Pasta akacheka mpaka akaegemea mimbari. "Dada yangu, hiyo 'luke' ni Kiingereza cha kale tu, maana yake vuguvugu. Luka wa Biblia hahusiki!"

Mwende akanigeukia. "Kwani Auntie, mtoi wangu nimemuita Vuguvugu?"

Kabla sijajibu, Luka akanitapikia maziwa kitenge kizima.

Kanisa likaitikia, "Amina!"