Barua Iliyoingia Kwenye Foronya

Jamani, haya nimeyaficha miaka, na hata sasa nikiyakumbuka masikio yananiwaka moto, lakini kwa kuwa Mwanasha mke wangu ameshaanza kuyasimulia kwa njia yake (na njia yake hainipendelei hata kidogo), bora niyaseme mwenyewe.

Ilikuwa mwanzo mwanzo wa miaka ya sabini, tumehamia mtaa wa Jamhuri, mimi karani mjini, sisi watu wa Malindi ambao baridi ya Nairobi bado ilikuwa ikitutoa machozi. Jirani yetu Mama Mutua, Mkamba wa Machakos, nyumba yake haikuwa na taka. Mwanasha akamuuliza siri yake. "Mimi situpangi kitu, Mama Rukia," akasema. "Hata maganda ya viazi iko na mwenyewe." Basi jioni ileile mke wangu akatangaza kwamba na sisi tumeanza: chupa zirudi dukani, makopo aende nayo fundi wa taa za koroboi, maganda wale mbuzi wa mama mmoja wa Mutuini aliyekuwa akituletea maziwa, na karatasi apewe muuza njugu wa mjini afungie njugu zake. Mimi nami, kwa kupenda ukubwa, nikaongeza sheria zangu mbili. Mtu asichane karatasi, maana iliyochanwa haifungi njugu. Na karatasi yoyote yenye herufi za Kiarabu isiingie gunia la njugu, itiwe kwenye foronya niliyoitundika msumarini, hadi nitakapoipeleka chuoni kwa Maalim Shee, mwalimu wa Kurani wa watoto wetu, ichomwe kwa heshima, jina la Mungu lisije likakanyagwa njiani.

Kazi ya kuchambua nikampa Zainabu, kitindamimba wangu wa miaka minane, naye aliifanya kwa uaminifu ambao natamani ungekuwa pungufu kidogo tu.

Sasa, wakati huohuo Maalim Shee alikuwa amemposea mwanawe Salim binti yangu mkubwa, Rukia, na Rukia mwenyewe alikuwa hali wala halali kwa kungoja jibu langu. Dada yangu Fatuma kule Malindi akaandika kuuliza hao ni watu gani. Nikaketi nikamjibu kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wetu walivyotufundisha kuandika Kiswahili, na kwa tabia yangu ya ukarani nikaandika mara mbili, ya kwanza ya kufutafuta, ya pili safi. Ile safi nikaitia posta. Ile ya kwanza (hapa ndipo mnicheke) nilitaka kuichana, nikakumbuka sheria yangu mwenyewe, nikaiacha mezani.

Zainabu akaiona. Juu ina Bismillahi, herufi ni zile za chuoni, na mtoto kusoma kwenyewe bado anababaisha. Akaibusu, akaitia kwenye foronya.

Jumapili kukawa na kikao cha wazazi pale chuoni, chumba cha nyuma mjini, tumejaa mkekani. Nikampa Maalim foronya yangu mbele za watu, nikasema kwa sauti iliyozidi haja, "Maalim, waambie na wenzetu wafanye hivi." Akafurahi. "Tazameni nyumba ya Bwana Athumani," akasema, "hawatupi neno la Mungu." Macho yake yalikuwa hayaoni vizuri, akatoa karatasi ya juu akampa Mzee Bakari muuza viatu atuambie ni aya gani.

"Hii si aya," akasema Mzee Bakari. "Hii barua." Na badala ya kunyamaza akaendelea, maana ni mtu asiyeweza kusoma kimoyomoyo. "Dada yangu Fatuma, kijana hana neno, ana adabu na kazi. Ila babake! Akija kwetu hula sambusa tano, na ya sita huitia mfukoni akidhani hatumwoni. Nikimwoza Rukia nyumba ile, sambusa zitatumaliza." Watu wakacheka. Kisha wakakumbuka Rukia ni nani, na babake kijana ni nani, na kicheko kikakatika. Mimi nilikuwa nautazama mkeka, nahesabu mistari ya ukili wake.

Maalim akanyoosha mkono, akaichukua karatasi, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni mwa kanzu. "Tuendelee," akasema.

Nyumbani Rukia hakunigombeza. Alilia tu kimya akiosha vyombo, na hilo liliniuma kuliko ule mkeka.

Wiki tatu, kimya. Ijumaa moja alasiri, hodi! Maalim na wazee wawili, wamekuja kuchukua jibu. Nikamkimbilia Mwanasha jikoni: tukiandaa sambusa atadhani tunamkejeli, tusipoandaa atadhani tumemnyima! "Ondoka hapa," akasema, na akaziandaa.

Nikajibu ndiyo, kwa sauti ya mtu aliyeshtakiwa. Maalim akala tano. Akatoa ile barua mfukoni, akachana kipande cha juu chenye jina la Mungu, akakibusu akanikabidhi, na kwa karatasi iliyobaki akafunga sambusa. "Karatasi isipotee, Bwana Athumani," akasema. "Hizi za Mama Salim. Mwaka wa tatu huu haondoki kitandani, na mkono wa Mwanasha anaupenda."

Nilijua anaumwa. Sote tulijua. Lakini sikuwahi hata siku moja kwenda kumtazama. Wageni walipoondoka nikamwuliza Mwanasha kama alikuwa akijua sambusa zinakwenda wapi. "Siku zote," akasema. "Hukuniuliza."

Kesho yake nikaenda. Nilimkuta Mama Salim ameegemea mto, mwembamba, macho makali, na kando yake ile karatasi imekunjuliwa, imelowa mafuta.

"Nimeisoma," akasema. "Umeandika vizuri, shemeji, ila hesabu umekosea. Mume wangu huniletea mbili."

Tangu hapo barua ya kufutafuta naichana vipande vipande kwa mikono yangu, Mama Mutua aseme atakavyo. Na kila Ijumaa, hadi Mungu alipomchukua Mama Salim, zile sambusa mbili nilikuwa nikizipeleka mimi.