Nilimpeleka Mama Makambako kuona mahali manamba walipopandia lori

Wakuu, mlioko nyanda za juu poleni na baridi, na wa joto poleni na jasho.

Hii sijatunga. Tuliokuwepo siku hiyo ni wengi, kama wamo humu watanisahihisha.

Kuna kikundi cha historia hapa Njombe, wengi ni wastaafu. Jumamosi iliyopita waliandaa trip ya kutembelea sehemu za enzi za Mwingereza, kuanzia Njombe hadi Makambako. Nikaandikisha majina mawili, langu na la Mama. Ana miaka themanini na kitu, kwao ni jirani na Kidugala. Nikaona atafurahi.

Tulianza na kanisa la zamani la matofali ya kuchoma, kisha baraza ambako jumbe alikuwa akiamulia kesi. Watu selfie kwa kwenda mbele.

Mama hakutaka picha. Nikadhani miguu inamuuma.

Kituo cha mwisho ni kiwanja kitupu pale Makambako, nyuma ya maghala ya mbao. Hata kibao hakuna. Kiongozi wetu, Mwalimu Mgaya, akatueleza kuwa hapo ndipo wanaume waliokwenda kukata mkonge Tanga walipopimwa afya, wakapewa blanketi na namba, wakapandishwa lori. Ndio hao manamba.

Mama akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Mwalimu, na waliorudi walikuwa wanashukia wapi?"

"Hapa hapa, mama."

Akatikisa kichwa taratibu.

"Baba yangu alipandia hapa. Mkataba ulipokwisha, mama yangu alikuja kumpokea, mimi nimeshika nguo yake. Tulikuja kiangazi cha kwanza, cha pili, na cha tatu."

Wakuu, nina miaka hamsini na mbili. Toka utoto nilijua babu alikufa nyumbani kwa homa!

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Mama yangu alichoka kuulizwa baba yuko wapi, mwanangu. Akasema amekufa, ili watu wanyamaze. Na mimi nikanyamaza."

Akaniomba nimshike mkono, tukasogea katikati ya kiwanja. Akasalimia kwa Kibena, "Kamwene, baba." Kisha akaanza kumtajia watoto wake mmoja mmoja: nani mwalimu, nani yuko Mbeya, nani tulimzika. Alipofika kwangu akasema, "Na huyu ndiye kanileta."

Sauti ilikuwa ya mtoto. Sijawahi kumsikia hivyo. Waliokuwa wanapiga picha wakashusha simu.

Nilichojifunza ni hiki. Nimeishi na huyu mama nusu karne, kila siku namuuliza kama amekunywa dawa, kama ameshiba. Sijawahi kumuuliza alikuwa akimsubiri nani. Kaulizeni wazee wenu wakingali hai.

Sasa nina ombi. Wenye wazee Korogwe, Muheza na Tanga huko, niulizieni habari za babu. Mbena, jina Yohane, mrefu, kidole cha shahada cha kushoto hakina ukucha, akilima anapiga mluzi. Najua hayuko hai. Lakini labda alioa. Labda lipo kaburi, labda wapo watu waliofanana na sisi. Mwenye lolote aandike hapa chini, hata la kubahatisha.

Uzi huu nimemsomea Mama wote. Ameuliza jambo moja tu: kutoka Tanga, majibu huchukua siku ngapi kufika.