Betri Niliyoichomoa Injini Ikiwaka

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, katika gereji ya Mzee Salumu kule mtaa wa Buyenzi, nilipokuwa kijana fundi wa umeme wa magari, mwenye maneno mengi kuliko kazi. Kisa hiki sipendi kukisimulia. Hata sasa uso unanichoma, lakini wewe umeshika spana juzi tu, bora ukisikie kwangu.

Mafundi umeme tulikuwa wawili: mimi na Baraka, mkimbizi kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, Mkristo mpole asiyependa haraka. Mwarabu mmoja mwenye duka la vitambaa alileta gari lake. Taa nyekundu ya betri haizimiki, na kila asubuhi gari linasukumwa. Baraka akaweka kipimo chake kwenye betri, injini ikiwaka. Kikasoma volti kumi na mbili na kidogo, wakati betri inayochajiwa vizuri na alternateri, ile mashine ya umeme inayozungushwa na injini kwa mkanda, hukaribia kumi na nne.

“Alternateri aipeleki moto kwa betri,” akasema. “Lakini kaka, tusifungue kitu mbio. Mukanda umechoka, ngoja nitafute mupya. Nikirudi tutaangalia nyaya moja moja.”

Akaenda. Mimi nikaona ananichelewesha, na swala ya Ijumaa imekaribia. Kwenye magari ya zamani tulikuwa na njia yetu ya mkato: injini ikiwaka, unachomoa waya wa betri, ikizima, basi alternateri imekufa. Magari yenye kompyuta ndiyo yalikuwa yanaanza kuingia mjini, na Baraka alishanionya mara mbili kwamba hayataki mchezo huo. Nikachomoa. Taa ziling'aa ghafla, injini ikakohoa, ikazima, na harufu ya plastiki iliyoungua ikatoka chini ya dashibodi. Kompyuta ilikuwa imeungua, na gari halikuwaka tena.

Unajua nilifanya nini? Nilirudisha waya, nikaukaza vizuri, nikatawadha, nikaenda msikitini. Nikasimama kwenye safu nikimwomba Mungu gari liwake lenyewe. Mjinga mkubwa mimi!

Tuliporudi kutoka swalani tulimkuta Baraka ameinama kwenye injini, mkanda mpya mkononi. Waislamu sote tulikuwa msikitini, kwa hiyo macho yote yakamwendea yeye.

Mzee Salumu akazungusha ufunguo, gari likakataa kuwaka. “Nani amegusa hii gari?” akauliza.

“Mi nimeikuta iko hivi, Mzee,” Baraka akajibu. Kisha akanitazama.

Nikainama, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Baraka akaambiwa akusanye vyombo vyake aende. Mkewe alikuwa na mimba, nami nilijua.

Kesho yake nikapewa mimi gari lile. Nyuma ya alternateri, nati inayoshika waya wa kwenda kwenye betri ilikuwa imelegea. Ilitaka kukazwa tu kwa spana. Ugonjwa wote wa gari ulikuwa huo, kabla sijauongeza kwa mkono wangu.

Wiki mbili nilikula bila kusikia ladha. Mwishowe nikamweleza Mzee Salumu. Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali kama angepaza.

“Gari iliungua, tungeitengeneza,” akasema. “Lakini we ukaniacha nimufukuze mutu wa watu bure. Nenda umurudishe.”

Nilimkuta Baraka kule Carama, pembeni mwa mji, analima shamba la watu. Nikasema yote, nikilia. Alinisikiliza huku amesimamia jembe.

“Nilijua siku ile ile,” akasema. “Nilikuangalia, nikangojea useme. Apana, sirudi. Mi siwezi kutumika kazi pamoja na mutu nisiyeweza kumupa mugongo bila woga.”

Akaendelea kulima. Nikashuka kwenye matuta, nikarudi gereji peke yangu.

Mwanangu, gari lisipochaji, pima kwanza. Tazama mkanda, fuata nyaya, kaza nati, ndipo uilaumu alternateri. Betri usiichomoe injini ikiwaka, hata akikuambia fundi mwenye mvi kama mimi. Lakini ukishaharibu, na utaharibu tu, sema hapo hapo, kabla hajaulizwa mwenzako. Mimi nilichelewa wiki mbili, na mpaka leo sijapata tena fundi mwenza kama yule.

Mungu akupe mikono yenye subira na ulimi usiojificha, na pembeni yako akuwekee mwenzako wa kweli, nawe usimpoteze. Amina.