Tatizo la Utafiti Nyumbani Kwetu

Nilikuwa ndani ya eda ya mume wangu, na kwa kuwa sitoki nje, kila mtu alijua pa kunipata. Binti yangu alijua zaidi. Alihamia chumbani kwangu, hapa Ghubra, Omani, pamoja na kompyuta yake, aandike sura ya kwanza ya utafiti wake wa chuo. Mimi nimesoma chuoni Kurani na shule kidogo tu. Mambo ya utafiti siyajui. Kazi yangu ilikuwa kunyamaza, na siku zile nilikuwa hodari wa kunyamaza.

Utafiti wenyewe ulihusu Kiswahili katika nyumba za Waomani waliotoka Zanzibar. Mwalimu wake alikuwa ameshairudisha sura ile, na pembeni ameandika: tatizo liko wapi? Akiirudisha tena, binti yangu hatahitimu na wenzake. Alikuwa akiitazama karatasi ile kwa macho mekundu wakati wifi yangu, dada wa marehemu, alipoingia na dele la kahawa na sahani ya tende.

"Unalilia nini?"

"Mwalimu anataka tatizo, shangazi."

"Tatizo la nani?"

"Letu. La nyumba zetu."

Wifi aliliweka dele chini. Kwetu mtu akiulizwa habari za nyumba hujibu salama, hata kama dari limeangukia sahani ya wali.

"Mwambie sisi wazima, alhamdulillah. Hatuna tatizo."

"Shangazi, bila tatizo hakuna utafiti."

"Basi andika la jirani. Wale wanayo mpaka yanamwagika."

"Jirani Mhindi!"

"Andika la mtaa wa Al Khuwair, basi. Kule hatuna jamaa."

Binti yangu alimweleza polepole: watu wanasema watoto wa siku hizi hawazungumzi Kiswahili. Wifi alikasirika hasa. Akasema wajukuu wake wanazungumza Kiswahili kama maji, na palepale akampigia simu mmoja wao, mwanamume mzima anayefanya kazi wizarani, akaiweka sauti juu sote tusikie.

"Mwanangu, hujambo? Umekula?"

"Hala habuba! Mo tabghi?" Bibi, unataka nini? Kwa Kiarabu.

"Nakuuliza umekula?"

Akajibu kwa Kiarabu kwamba amekula, kwamba yumo kikaoni, kwamba atapiga baadaye. Simu ikakatika.

"Mmesikia?" wifi akasema, uso umemng'aa. "Kajibu!"

"Kajibu Kiarabu, shangazi."

"Ana haraka. Lakini si kafahamu?"

Binti yangu aliruka kitandani. "Hilo ndilo! Wanafahamu, lakini hawajibu! Hilo ndilo tatizo!"

"Mjukuu wangu si tatizo! Ulifute!"

"Sijaliandika bado."

"Lifute hivyo hivyo!"

Wakaendelea kuvutana, mmoja kashika kompyuta, mwingine kashika tende, hadi binti yangu akanigeukia. "Mama, wewe unasemaje?"

Sikuwa na la kusema ila lililopo. Nikamwambia amwache mjukuu wa shangazi yake, aandike habari zetu sisi. Baba yake alipokuwa hai, ukimjibu kwa Kiarabu hujifanya kiziwi, anaendelea kula, mpaka urudie kwa Kiswahili. Tangu amefariki, nawauliza kwa Kiswahili, wananijibu kwa Kiarabu, yeye na kaka zake, na mimi nafurahi tu kwamba nimejibiwa. Kiswahili kizima kizima nazungumza na wifi, asubuhi, akija na kahawa. Akiondoka, basi.

Wifi akanimiminia kahawa, kikombe kikafurika hadi kwenye mkeka.

"Haya, andika," akamwambia binti yangu. "Lakini sema nyumba safi, na watu wake wanasali."

Binti yangu aliandika, akafuta, akaandika tena, akaipeleka. Sura ikapita. Mwalimu aliagiza jambo moja tu, kwamba majina ya watu wote waliotajwa yafichwe.

Tulipompa habari hiyo wifi, alikataa hata kahawa.

"Lifichwe jina langu? Kwani mimi nimefanya nini?"