Mamlaka ya Mfereji Mmoja

Miaka ile ya tisini, ploti yetu ya vyumba vya kupanga kule Majengo ilikuwa na mfereji mzuri wa shaba usiotoa maji. Bomba lilikuwa limepasuka chini ya ardhi na mwenye nyumba alisema anakuja. Kwa hivyo Bi Mkubwa, jirani aliyenilea nusu kwa uji na nusu kwa matusi, alienda na mtungi wake hadi upande wa Soko la Burma, magoti yakimlia kama bawaba kavu. Nikiwepo nilimbebea. Nikipata kibarua, alijibebea.

Jioni tulisikiliza redio kwa duka la ploti. Habari zilikuwa za Palestina: Ulaya inawasaidia kujenga serikali yao, Mamlaka ya Palestina, inafunza polisi wao, inalaza mabomba ya maji.

"Wao wanalaziwa mabomba, sisi je?" mwenye duka akauliza.

"Wao wana Mamlaka," nikasema, maana redio ilisema hivyo. "Mzungu hapei mtu hivi hivi. Anapea Mamlaka."

"Na sisi tuna nini?"

"Tuna caretaker mlevi wa kulinda ploti," akajibu jirani yetu Mluhya, mtu wa kiwandani.

Basi tukaunda yetu. Mwenye duka akawa Rais kwa sababu kiti kilikuwa chake. Mluhya alipata Ulinzi kwa ajili ya mikono yake. Mimi nikapewa Maji, wizara nyingine zikihitaji akili. Usiku niliota bendera.

Kumbe Mungu naye husikiliza redio. Mzee wa mtaa akaja kusema kuna mama mzungu anayezunguka kutoka Dandora, anatafuta ploti isiyo na maji aiwekee tangi. Atafika Jumamosi.

Sasa, sisi mgeni akija hatumwonyeshi sufuria chafu. Baraza la mawaziri lilikubaliana bila kura. Tulizibua mtaro, tukapaka mawe chokaa. Mluhya akatoa chini ya kitanda vipande vya bomba alivyovihifadhi tangu ahamie, tukachimba, tukaunganisha, tukafunika. Jumamosi asubuhi mfereji ukakohoa, ukatema kutu, kisha maji.

Mama mzungu alifika na viatu vyenye matope. Akafungua mfereji, akatazama maji, akatutazama.

"Lakini mna maji," alisema kwa Kiswahili cha darasani.

"Tunayo, mama," Rais akajibu kwa fahari. "Karibu unywe."

Akacheka mpaka akaketi kwenye jiwe, chokaa ikamshika nguo. Alituambia kabla ya Kenya alifanya kazi Gaza, kwenye miradi ya Ulaya. Huko nako alikwenda kukagua zahanati yenye nyufa, akakuta wenyeji wameziba kila ufa na kupaka rangi, na chai iko mezani. Akakosa cha kuandika.

Tangi lilikwenda ploti ya pili, kwa waliobaki na tope lao kama lilivyo. Likawekwa stika ya buluu yenye nyota za Ulaya.

"Waziri wa Maji ajiuzulu," Mluhya akasema jioni hiyo. Wote wakaunga mkono, hata Rais aliyeniteua.

Bi Mkubwa alikuwa ameweka kigoda chake kando ya mfereji, sketi imepandishwa, magoti yake mawili nje yakipunga hewa.

"Atajiuzulu kesho," akasema. "Wewe waziri, hebu nifungulie nitawadhe."

Nikafungua. Dukani redio ilikuwa imefika Palestina tena, nami nikajikuta nawaza ni nani huko aliyeshika brashi ya rangi, akingoja mgeni.