Mchanga wa Sadaka

Mchanga ule uliletwa kanisani siku ya Jumapili, malori matatu, ukamwagwa kando ya ukuta mpya. Mchungaji aliuombea kabla watu hawajatawanyika. Aliweka mkono juu ya lundo, nasi wazee wa kanisa tukavua kofia. Kwa hiyo Jumatano, fundi aliponiita nyuma ya stoo akiwa na chupa ya jemu mkononi, tope nililoliona ndani ya ile chupa silo lililonitia hofu kwanza. Nilijiuliza ni nani atakayekataa kitu ambacho kimekwisha kuombewa.

Kanisa letu liko nje kidogo ya Kitale, upande wa kwenda Saboti. Nilikuwa mwalimu wa wanafunzi wa ubatizo hapo, tena mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mwezi wa pili, wakati wa kiangazi, mashamba yamebaki mabua matupu. Jumamosi ya juma lile tulikuwa tumepanga kumwaga boriti ya zege, ule mkanda unaozunguka jengo lote juu ya milango na madirisha, ambao ndio hubeba paa. Washirika walikuwa wamealikwa hadi Kapsokwony. Akina mama walikuwa wamekwisha kugawana nani analeta maharagwe na nani analeta sufuria.

Fundi tulimtoa Bungoma. Alikuwa amejaza ile chupa mchanga hadi nusu, akaongeza maji na chumvi kidogo, akaitikisa asubuhi na kuiacha juu ya tofali. Kufikia saa sita mchanga ulikuwa umelala chini, na juu yake kulikuwa na tope la kahawia, nene kama kidole changu cha gumba.

"Simiti itashika hili tope, haitashika mawe," alisema. "Mwalimu, mimi siwezi kumwaga."

Sikubishana naye, na sababu ya kutobishana ni lazima niieleze. Kanisa la zamani, lile tulilolibomoa ili kujenga hili, nililijenga pia nikiwa kijana. Mimi ndiye niliyechagua mchanga wake. Tuliuchota kwenye mtaro wa barabara kwa kuwa ulikuwa karibu, na tukamshukuru Mungu kwa kutuletea mchanga mlangoni. Miaka mingi baadaye, kipande cha boriti kiliachia juu ya mlango wa kwaya na kuangukia benchi wanaloketi akina mama wa sauti ya pili. Ilikuwa Jumanne, kanisa likiwa tupu. Tulipobomoa kuta, udongo wa kati ya matofali ulitoka kwa ukucha. Matofali yalitoka mazima, akina mama wakayagonga na kuyaosha kwenye pipa, nayo yakapanda tena kwenye kuta mpya. Watu walitusifu kwamba hatutupi kitu. Ni mke wangu peke yake niliyemwambia kwa nini matofali yale yalibanduka kwa urahisi namna ile.

Aliyetoa sadaka ya malori matatu alikuwa mzee mwenzangu. Tulitahiriwa msimu mmoja, tukabatizwa siku moja. Mchanga wake ulitoka kwenye kwari. Ni yale masalio yanayobaki mawe yakishapondwa kuwa kokoto, vumbi na chembechembe ambazo zilikuwa zikirundikwa pembeni tu. Aliuleta kwa sababu yangu mimi. Katika mkutano nilikuwa nimewasihi tusichukue mchanga wa mtoni, maana wachimbaji walikuwa wamekula ukingo hadi mjane mmoja wa kanisa letu akapoteza mstari mzima wa migomba, ikaingia majini pamoja na udongo wake.

Nilimwendea jioni ile, jua likiwa bado juu. Nilimkuta akitengeneza ghala lake la mahindi. Nilimweleza habari ya chupa polepole, kama mtu anayepeleka habari ya msiba. Alisikiliza akiwa na msumari mdomoni, kisha akautoa.

"Ulisema tusiende mtoni, nikaacha mto. Sasa unasema niache na kwari. Unataka tujenge kwa unga, ndugu yangu?"

Nilimwambia mchanga wake hauna ubaya, unahitaji kuoshwa tu. Aliniuliza kwa maji gani. Tangi la kanisa lilikuwa limefika nusu, na kijito cha bonde kilikuwa kimebaki upana wa mdomo wa sufuria. Alisema angeweza kumpigia simu mtu, na lori la mchanga wa mtoni lingefika kesho kabla ya chakula cha mchana. Nilichotakiwa kufanya ni kukubali tu. Nakiri nilishawishika. Niliiona boriti, nikaiona na migomba ya yule mjane. Mwishowe nilisema tutaosha.

"Haya, osheni sadaka yangu mbele ya watu," alisema, "wote waone ilivyo chafu." Akarudisha msumari mdomoni.

Njia ya kuosha niliijua kwa macho tu. Nikienda kumsalimu dada yangu Bungoma, nilizoea kupita kwari moja ambapo walikuwa wakiosha masalio kama yale, na maji yao hayakuwa yakitiririka ovyo. Waliyapitisha kwenye mashimo matatu yaliyofuatana, tope likibaki nyuma, kisha wakayachota tena shimo la mwisho. Alhamisi alfajiri mimi na fundi tulichora mashimo yetu kwenye mteremko. Kufikia saa mbili watu kama arobaini walikuwa wamekuja na majembe na ndoo, wengi wao akina mama, na walitaka kujua kwa nini mchanga ulioombewa unaoshwa.

Ningeweza kuwaonyesha chupa na kuishia hapo, lakini aibu yote ingemwangukia mwenzangu ambaye hakuwepo. Kwa hiyo nikawaambia mchanga wa kanisa la zamani niliuchagua mimi, na kwamba ndio uliofanya ile boriti ianguke. Niliwaambia mwenzetu ametoa kitu kizuri kuliko kile nilichotoa mimi, na kazi iliyobaki ni yetu.

Kisha mama mmoja wa sauti ya pili, ambaye benchi lile lilikuwa lake, akanitazama.

"Kumbe ni wewe ulitaka kutuua," alisema. Hakucheka. Aliokota ndoo yake, akatangulia kwenye tangi.

Tulichukua mabati ya paa la zamani, tukayakunja kama hori na kuyalaza kwenye mteremko. Mchanga uliwekwa juu, maji yakamwagwa, vijana wakaukoroga kwa majembe. Maji yalitoka mekundu, yakaingia shimo la kwanza, yakajaa, yakamwagikia la pili, kisha la tatu. Ya shimo la tatu hayakuwa ya kunywa, lakini yalifaa kuanzia kuosha mzigo mwingine. Maji safi ya tangi tuliyaweka kwa kusuuza tu. Mchana walianza kuzoea, na mzaha ukarudi. Mmoja alipaza sauti kwamba hata yule mjinga aliyejenga nyumba yake juu ya mchanga hakupewa adhabu ya kuuosha. Mwingine akasema kama angeuosha, huenda nyumba ingesimama.

Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa nimeweka alama ya mkaa kwenye tangi, na kila saa nilikwenda kugonga ubavu wake nisikie maji yamefika wapi. Ijumaa saa nne yalishuka chini ya alama. Saa sita bomba lilikohoa na kukauka, ikabidi kijana apande na kuchota ya chini kwa kopo. Lundo safi lilikuwa bado halijatosha boriti. Tuliamua mzigo wa mwisho usuuzwe kwa maji ya kupikia, yale ambayo akina mama walikuwa wameyaleta kwa ajili ya Jumamosi. Niliwaomba, nao wakayatoa. Walisema watapika kwa maji ya kijito hata kama itabidi wayachote kwa kikombe.

Fundi aliijaza tena ile chupa na kuiweka dirishani. Tuliingoja kuanzia saa saba hadi karibu saa kumi na moja. Nilikwenda kuomba ndani ya kuta zisizo na paa, na sijui kama niliomba lolote zaidi ya kulitaja lile tope. Niliporudi fundi alikuwa ameinama, jicho lake usawa wa kioo. Tope lilikuwa jembamba kama ukucha.

"Inatosha," alisema.

Mwenzangu hakuwa ameonekana Alhamisi wala Ijumaa. Usiku wa Ijumaa vijana walichota maji ya kijito ya kukorogea zege, na Jumamosi tulijipanga mstari kuipandisha kwa karai, na nilipogeuka kupokeza karai moja nikakuta mikono inayolipokea ni yake. Hakunitazama. Tulipokezana hivyo mpaka boriti ikazunguka jengo lote, na baada ya chakula akaondoka bila kuaga.

Wiki tatu tuliinywesha boriti asubuhi na jioni, kwa maji ya shimo la tatu. Siku ya kutoa nguzo za miti zilizoishikilia, mchungaji alimwomba mwenzangu aombe, kwa kuwa mchanga ni wake. Aliomba kwa ufupi sana. Fundi akatuamuru sote tukae nje, akaanza kugonga nguzo moja baada ya nyingine. Ule mlango mpana wa mbele aliuacha wa mwisho. Nguzo ya kwanza ilitoka, na ya pili. Ya tatu ilikwama, akaipiga kwa nyundo, na kukasikika mlio wa kupasuka. Yule mama wa sauti ya pili alinishika mkono. Nguzo ilianguka chini, vipande viwili. Ni mti uliopasuka. Juu, boriti ilikuwa kimya, imenyooka kama ilivyomwagwa.

Mwenzangu alikuwa amesimama ubavuni mwangu. Tangu siku ile ya msumari hatukuwa tumesemezana.

"Na lile tope lilienda wapi?" aliuliza, bado akitazama juu.

Nilimwambia akina mama walilichota mashimoni, wakakandika jiko la yule mjane wa mtoni, kuta zote nne, na lililobaki wakasawazishia sakafu.

"Kwa hiyo hakuna lililotupwa."

"Hakuna."

Akafikiri kidogo. Kisha akavua kofia yake, kama alivyoivua Jumapili ile, akapita chini ya boriti na kuingia ndani kabla fundi hajaruhusu mtu.