Mitego Miwili ya Fuko

Mimi si mtu wa kununa, lakini kwa jambo hili nimenuna mpaka leo, na sitaki kubembelezwa.

Nilikuwa natunza bustani tatu ugenini, mtaa wa Observatory. Tegemeo langu lilikuwa nyumba ya mjane mmoja mwenye uwanja mpana wa nyasi, na binti yake alikuwa aolewe palepale nyasini. Fuko wakaingia. Kila asubuhi vilima vya udongo vimefumuka hadi karibu na mlango. Yule mama akanipa wiki mbili: fuko watoke, la sivyo angetafuta mtu mwingine.

Mtaa wa jirani, Yeoville, nilikaa chumba kimoja na jamaa wa Uvira. Mimi ni wa Kigoma, ng'ambo ya ziwa tu, basi tukaitana ndugu; yeye aliniita yaya, yaani kaka. Hakuwa na kazi, ila kwao alikuwa akitega fuko kwenye mihogo. Alinitandazia mitego miwili sakafuni: mmoja kitanzi cha waya cha kukaba shingo, mwingine wa chuma, kama mkasi, wa kubana kiwiliwili.

"Ya waya inamuachaka," alisema. "Ya chuma ikimukamata, hapumui tena. Kamata hii, yaya. Lakini funika shimo muzuri, hata mwangaza kidogo isiingiye."

Nikamwamini. Nilifukua njia zao, nikatega, nikafunika kwa ubao na udongo. Siku zikapita, chuma kikashika kutu, fuko wakachimba pembeni. Jioni nikimsimulia, ananipa pole na kunipakulia ugali. Wiki mbili zikaisha, mama akaniambia nisirudi, nami nikamrudishia ndugu yangu mtego wake.

Jumatatu nilikwenda kuchukua reki niliyoisahau. Nikamkuta ndugu yangu amepiga magoti kwenye nyasi zile zile, anatega chuma kile kile, na juu ya shimo ameacha tundu la kupenya kidole. Kando yake fuko wawili, wamebanwa kiunoni. Nikaelewa papo hapo. Fuko akiona mwanga njiani mwake hukimbilia kuuziba, na hapo ndipo anaponaswa. Ukimfunikia, hana sababu ya kuja.

"Uliniambia nifunike," nikasema.

Hakuinuka. "Eish, yaya. We ulikuwa na jarden tatu. Mi nilikuwa na ngapi?"

Mama akatoka na chai. Akampa kwenye kikombe changu, kile cha bati, ambacho kwa miaka minne hakuna mwingine aliyekinywea.